Marehemu Mwongera Kwenye Staki

Jumatatu, 9 Machi 2015
Ijumaa Mzee Mwirigi, mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa hapa Kaaga, ataamua nani aajiriwe kabisa: mimi Thuranira, au Wambura, yule msichana wa mtaa wa Dallas, Embu. Programu ya mizani nimeandika mimi. Kwenye majaribio ilikuwa inakatika na kutoa onyo kuhusu staki, ile sehemu ya kumbukumbu ambapo programu hupanga kazi zake moja juu ya nyingine. Nimezima onyo. Kimya kizuri!

Jumanne, 10 Machi
Aibu. Programu imeanguka saa moja asubuhi, foleni ya wakulima ikiwa mpaka barabarani. Imeanguka jina la mkulima mmoja tu lilipoingizwa, la Mama Cicily. Nikatangaza kwamba ni stima. Taa zilikuwa zinawaka.

Jumatano, 11 Machi
Mama Cicily tena! Maziwa ya watu yameanza kuganda. Wambura akafungua dibaga, chombo cha kutafutia makosa ndani ya programu. Akanieleza, mbele ya foleni nzima, kwamba kila fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, ikiitwa hupewa fremu yake, sehemu yake kwenye staki, na bezi pointa huonyesha fremu hiyo ilipo. Bezi pointa ya fanksheni iliyoita huhifadhiwa hapo hapo, pamoja na anwani ya mahali pa kurudi. Nikasema najua. Sikujua. Akaikagua bezi pointa. Badala ya anwani tukakuta herufi nane: Mwongera, jina la mwisho la Mama Cicily.

Alhamisi, 12 Machi
Jina la mkulima nililitengea nafasi kumi na sita za herufi, kando kabisa ya bezi pointa. Langu linaenea vizuri sana. "Cicily Karwirwa", pamoja na mianya ya baina ya majina, amezijaza zote, kisha marehemu mumewe, Mwongera, akamwagikia bezi pointa, na programu ikakosa pa kurudi. Wambura anataka nirekebishe. Nikubali kosa leo, kesho ndiyo Ijumaa? Nimempelekea Mama Cicily mkate, nikamwomba amwondoe Mwongera kwenye jina. Akaniuliza kama mimi ndiye padri aliyewafungisha ndoa. Akasema kifo chenyewe hakikumtoa, sembuse kompyuta. Mkate amebaki nao.

Ijumaa, 13 Machi
Mama Cicily alimfikia mwenyekiti kabla yangu, akamweleza yote, hata habari ya mkate. Wambura ameajiriwa. Mimi nimepewa mwezi mmoja wa kujaribiwa, chini yake. Imeniuma sana. Kazi ya kwanza: kupanua nafasi ya jina. Nimelihesabu la Mama Cicily mara mbili, ni ishirini na nne kamili pamoja na mianya. Nimetenga ishirini na nne. Wambura amesema niweke mia, kwa sababu kuna majina marefu zaidi, na hata mwisho wa jina una alama yake inayotaka nafasi. Msichana wa Dallas hajui kubana matumizi. Nimeacha ishirini na nne, na lile onyo bado nimelizima.