Aina Nzuri, Unene wa Kutosha

Ndugu Katibu wa Chama wa Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Ujamaa cha Kabwe, ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, ndugu mgambo mliosimama kwa ukakamavu, ndugu mgambo mliokaa, akina mama wa Umoja wa Wanawake, ndugu wavuvi, na wewe mzee Polikarp ambaye shikamoo yangu hukuisikia (Mzee Polikarp: "Niliisikia, baba. Marahaba. Endelea."), mimi, Mratibu wa Vyombo vya Majini, nimeshuka kutoka Sumbawanga na koti langu hili la baridi ili kuwazindulia mashua ya alumini ya kupeleka wagonjwa hospitali kule Kirando, maana nafahamu kwamba mama mjamzito akizidiwa hapa, barabara hakuna, ni ziwa tu. (Makofi, vigelegele.)

Kwa upande wa implementesheni, hadi jana saa tisa alasiri mashua hiyo imekamilika kwa asilimia tisini na sita, ukiondoa ubavu, sakafu na injini. (Minong'ono.) Tulieni, nitaeleza proseja.

Kuagiza bati la alumini si kuagiza chumvi. Fundi Kalisti wa karakana aliniletea fomu ameijaza kwa penseli, akasema, "Ndugu Mratibu, bati la sufuria si bati la mashua. Lazima tutaje namba ya aloi, ugumu wake, na unene kwa milimita, ili kiwanda kisibahatishe." Nikaisoma kwa makini. Mahali pa aloi ameandika 5083. Ndugu wananchi, elfu tano na themanini na tatu! Kwa mashua moja! (Kicheko.) Kijiji hiki kina kaya mia tatu na kumi na mbili, mabati yote hayo ni ya nani, kama si ubepari? Nikafuta. (Kalisti, kutoka nyuma: "Hiyo ni aina ya bati, ndugu, siyo idadi!") Kalisti, utapewa nafasi kwenye mengineyo.

Basi mimi mwenyewe, kwa kalamu ya wino, nikajaza. Aina: nzuri. Ugumu: wa kizalendo. Unene: wa kutosha. Nakala nne, kila nakala na muhuri wake. Kiwanda kikajibu kwamba hakielewi. Nikakijibu kwamba sisi tunaelewa. Kwa miaka miwili tumeandikiana barua kumi na saba, jambo ambalo ni ongezeko la asilimia mia moja na hamsini katika koodinesheni, na ninaposema koodinesheni sina maana ya...

(Nesi Tusekile, akisimama: "Samahani, Ndugu Mratibu. Epifania ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Mashua iko wapi?")

Swali zuri sana, nesi, na limepokelewa. Mwambie dada Epifania ajikaze, nimebakiza kurasa tatu. (Sauti ya mama mmoja: "Mtoto hajui kurasa, baba!" Kicheko kikubwa. Watu wanaanza kuondoka mbio.) Naona wananchi mnakimbilia ziwani kwa hamasa, ingawa bado sijatoa ruhusa.

Nikisema alumini, mseme imara! Alumini! (Watu wanazidi kuondoka.) Alumini! (Mzee Polikarp, peke yake: "Imara.") Fomu! ("Imara," anasema mzee, akiitafuta fimbo yake.)

Kwa kumalizia, nakishukuru kiwanda, ambacho hakijakata hata kipande kwa kuwa oda yetu hakijaikubali. Namshukuru mchoraji wa mashua, ambaye atateuliwa mchoro utakapohitajika. Na zaidi nawashukuru wavuvi sita ninaowaona kule, waliomlaza dada Epifania kwenye mtumbwi wao pamoja na nesi, nao wako mbali tayari, wanapiga kasia kwelikweli. Ila mkirudi salama, ndugu zangu, huo mtumbwi msiufiche. Utepe nimeshakuja nao, na hapa ufukweni hakuna kitu kingine cha kuzindua.