Sanduku Lililomkata Mke Wangu

Jumanne, 4 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika madaktari wawili walionipa miezi sita. Nimeishi kuliko meno yangu yote isipokuwa manne, na mbwa watatu wa jirani. Useremala nimeufanya miaka hamsini na mbili. Kalamu inanisumbua kidogo, lakini msumari wangu haurudiwi mara mbili.

Leo kaja shemeji, kaka wa mke wangu. Fundi cherehani. Mtu wa sindano! Kavimba kama chura. Eti kaenda kwenye makumbusho madogo ya mazingaombwe, yale ya nyuma ya posta, kaona sanduku ambalo zamani mwanamke alilazwa ndani, akakatwa katikati kwa msumeno, akaamka mzima. Eti hakuna seremala awezaye kuijua siri yake. Akasema "seremala" huku ananikodolea macho!

Nikamwambia sanduku halijawahi kunificha kitu. Tukapeana mikono. Nikiijua siri kufikia Jumamosi, atasimama mbele ya ukoo mzima aniite fundi wake. Nikishindwa, nitamwita yeye hivyo. Heri nimeze patasi.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akasema, mzee, achana na mambo hayo. Yeye anajua nini kuhusu masanduku?

Jumatano, 5 Machi

Kalamu imeniponyoka mara mbili. Nitaandika polepole.

Nimekwenda. Vyumba viwili tu. Kofia ndefu, minyororo, njiwa aliyekaushwa, jicho moja hana. Mtunzaji ni bwana mwenye upara na tai ya kipepeo. Ananiita mzee wangu kila baada ya neno.

Sanduku liko chumba cha pili, limezungushiwa kamba. Jekundu, nyota za dhahabu zimebanduka. Bawaba za shaba. Kazi safi, nakiri shingo upande. Mtunzaji alipogeuka nikapima kwa shibiri. Nane kwa tatu. Nikainua macho kwa furaha, nikaona picha ukutani.

Msichana. Kichwa upande huu, miguu upande ule, katikati hewa tupu! Naye anacheka. Ana mwanya. Ule mwanya naujua. Nimekaa nao meza moja miaka arobaini na saba.

Mke wangu! Vipande viwili!

Nikakaa kwenye kiti cha karibu. Kumbe nacho ni cha maonyesho. Kikakunjika, nikajikuta sakafuni. Mtunzaji akaniinua, akasema huyo ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, wamemtafuta miaka mingi, je, namjua? Nikasema simjui kabisa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkabili. Hakushtuka hata kidogo! Akasema ndiyo, misimu mitatu, kabla hatujaoana. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikumuuliza. Akasema tangu harusi nazungumza mimi tu, na nazungumza habari za meza.

Nikataka siri. Akasema aliapa, na kiapo hakina mume.

Nikabadili mbinu. Nikalala, nikashika kifua, nikasema kwa sauti ya mwisho kwamba marehemu mtarajiwa ana haki ya kujua. Akanishika mkono, akaniangalia kwa huruma, akaninywesha kijiko cha dawa. Ilikuwa ya kuharisha. Siku yangu imeishia chooni.

Jumamosi, 8 Machi

Yamenikuta! Yamenikuta!

Asubuhi nimewahi makumbusho. Mtunzaji alipokwenda kufungua madirisha nikaruka kamba. Sawa, nilipita chini yake. Nikajilaza sandukuni ili niijue siri kwa mgongo wangu mwenyewe. Kifuniko kikaanguka. Komeo likajifunga, tap! Kichwa nje huku, miguu nje kule. Mimi katikati, kama mwiko chunguni.

Mtunzaji akaja mbio. Ufunguo hana, ulipotea zamani. Wageni nao wanaingia, wanajipanga kwenye viti, wanadhani ndio onyesho! Kisha shemeji, kaja kudai ahadi. Nyuma yake, mke wangu.

Akanitazama. Akavua mtandio taratibu. Akamwambia mtunzaji alete msumeno.

Nikamwambia, mama watoto, tuongee kwanza. Akasema nisijitikise. Sauti hiyo sijawahi kuisikia nyumbani. Akainama kama ananipangusa jasho, kitu kikabonyea chini ya mgongo wangu, magoti yakanijia hadi kifuani. Hofu hiyo! Kisha akakata. Mlio wa msumeno naujua kama sauti ya mama yangu, na sasa ulikuwa unapita katikati yangu!

Akavisukuma vipande. Nikaiona miguu yangu kule, hatua nne kutoka kwangu! Na viatu vinang'aa kuliko nilivyovivaa asubuhi. Msumeno unang'arisha viatu? Nikaviambia vidole vicheze. Miguu ikatulia tuli. Haikunisikia, ilikuwa mbali mno.

Makofi! Mama mmoja wa mstari wa mbele akaanguka chali, akazimia. Mke wangu akaniunganisha, akagusa komeo kwa kidole kimoja, nikatoka mzima. Mtunzaji analia. Kamwomba arudi kila Jumamosi. Kakubali papo hapo! Hata kunitazama hakunitazama.

Njiani akaniuliza, polepole, nimemwonaje. Nikafikiri vizuri. Nikamwambia msumeno ameushika vibaya. Akatangulia mbele mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kuisikia siri. Nikamwambia: siri ni ujasiri. Mbao humtambua mwanamume. Mke wangu alikuwa jikoni, akacheka mpaka akaangusha sufuria. Shemeji akasema hiyo si siri, nimwite fundi wangu yaishe.

Nimwite? Nilivyo mzima hivi?

Nimeung'oa mlango wa chumba cha wageni, nikatengeneza sanduku langu kufikia saa nane. Shibiri nane kwa tatu. La kweli, halina ujanja wowote ndani, si kama lile lao lenye nafasi nyingi za bure. Nikamwalika shemeji alale. Nikamwambia asiogope, msumeno nimeunoa mara mbili.

Kakumbuka suruali ya mteja. Siku ya Jumapili! Kaacha na kiatu kimoja. Kwa hiyo aliyekimbia ni yeye, na ushindi ni wangu. Kesho namfuata kwake na sanduku, nimeshaazima mkokoteni.

Na kama kuna anayesema sikukatwa, mtunzaji yupo, mke wangu yupo ingawa leo ananijibu kwa kichwa tu, na yupo yule mama wa mstari wa mbele. Muulizeni yeye kwanza, akizinduka.