Kuhusu Skuta ya Tarafa Isiyokubali Kukata Kulia

Ofisi ya Kilimo na Ushirika,
Lundo.
Alhamisi, Oktoba 1974

Ndugu Katibu Tarafa,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima wa mwili, na naamini wewe na wa nyumbani hamjambo.

Uliniagiza nikuletee kabla ya kesho jioni jina la mtu aliyeihujumu skuta ya Tarafa. Ukaongeza kwamba Lundo nzima mwenye bisibisi ni mmoja tu, yaani Ndugu Othmar, dereva wa lori la ushirika, na kwamba jina likipatikana, funguo za lori atazirudisha siku hiyohiyo. Ukanikumbusha pia, kwa upole, kwamba mimi bado sijathibitishwa kazini. Yote nimeyaelewa. Hata hivyo, baada ya uchunguzi, naomba kwa heshima nimtaje mhalifu mwingine. Mhalifu ni upande wa kulia.

Naomba usiikunje barua kwanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Skuta ikiwa imesimama, injini hunguruma vizuri. Ikienda mbele, vizuri. Ikikata kushoto, vizuri. Lakini ukipinda usukani kulia hukohoa, hukosa moto, hutoa mlio wa mtu aliyekatizwa maneno kikaoni, halafu huzima. Ukiunyoosha usukani na kuipiga teke, huwaka tena bila kinyongo. Tabia hii ilianza wiki ile ulipoiazima kwenda Lituhi kukagua mashamba ya mihogo, ukarudi salama. Kabla ya hapo ilikuwa ikipinda pande zote kama watumishi wengine.

2. Nimepima kwa utaratibu tuliofundishwa katika somo la fizikia. Plagi niliifungua, nikaisugua kwa msasa, nikailaza juu ya chuma cha injini na kupiga teke. Cheche ilikuwa ya buluu na yenye afya. Waya mnene wa plagi nimeubadilisha. Platini, yaani midomo ya kukatia moto, nimezifuta kwa pindo la shati langu, na pengo lake nimelipima kwa ukingo wa kadi yangu ya chama, ambayo imethibitika kuwa na unene unaofaa. Mashine haina kosa. Bisibisi niliyotumia ni ya Ndugu Othmar, kwa hiyo nalazimika kukujulisha kwamba Lundo sasa tumekuwa wawili tulioishika.

3. Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wetu wa kijiji, aliona jambo hili si la mtu mmoja, akaitisha kikao. Kura za kumtaja mkosaji zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Koili ilipata nyingi, ikifuatiwa na petroli yenye maji. Ikaamuliwa kwamba kila balozi wa nyumba kumi akabidhiwe waya mmoja wa skuta autunze, na waya ukikosa awajibike yeye. Mabalozi wamekuwa waaminifu, asubuhi huja kuzikagua nyaya zao kabla ya kwenda shambani, na wawili wamekwisha kununiana kwa sababu nyaya zao zinagusana. Skuta bado inazima.

4. Kwa kuwa siwezi kwenda kulia, nikitaka kufika zahanati hukata kushoto, na kushoto tena, na kushoto tena, mpaka niwe naitazama. Njia hiyo hupita katikati ya mihogo ya Mama Hilaria na nyuma ya kanisa. Mama Hilaria aliniambia mbele ya watu, “Karani, mwanangu, ukitaka mihogo niombe, usije kuichimba kwa magurudumu.” Kanisani nilipita wakati wa mahubiri, na wakwe zangu watarajiwa walikuwa dirishani. Isitoshe, mtu akitoka ofisini kuelekea Lituhi, kushoto kuna ziwa. Juzi nilikata kushoto kwa haraka na kusimama maji yakiwa magotini. Mimi ni mtu wa milimani, Ndugu Katibu. Kwetu Mbinga maji mengi namna hii hatukuyazoea.

5. Tangu wiki ileile ya Lituhi, skuta hii inafuatwa na paka. Nikisimama kuamkia wazee, paka hukaa wakiitazama taa ya mbele kwa unyenyekevu. Paka wa Mama Hilaria hulala juu yake. Sijui hili linahusiana vipi na moto wa injini, ila nisingependa baadaye isemekane karani alificha jambo.

Kwa hayo, natoa ombi moja. Mwaka huu watu wengi wamehama kutoka mabondeni na milimani kuja vijijini, na nyumba zimepangwa mistari mizuri. Basi naomba Serikali, ikiwa bado ina moyo huo, iuhamishe upande wa kulia wa Lundo, pamoja na zahanati, shule na ghala la mahindi, uwe upande wa kushoto wa barabara. Wananchi wameshazoea kubeba mabati.

Baadaye, nikiwa nanawa, niligundua kwamba mtu akirudi kutoka Lituhi, kushoto huwa kulia. Jambo hili lilinisumbua sana, kwani ingebidi kijiji kivushwe asubuhi na kirudishwe jioni, na sidhani wazee wangekubali. Kwa hiyo nabadilisha ombi: kijiji chote kijengwe katikati ya barabara. Nitakuwa nakwenda moja kwa moja, nitafika kila mahali, na sitahitaji kukata kona kamwe. Barabara yenyewe, ikionekana inahitajika, inaweza kupitishwa pembeni.

Huenda utaniuliza kwa nini nahangaika hivi wakati jina la mtu ni neno dogo tu la kuandika. Nilimwendea Ndugu Othmar nikamweleza agizo lako, kwani niliona vibaya kumwandika mtu asiyejua. Alikuwa chini ya lori. Akasema, “Andika tu jina langu, bwana mdogo. Mimi nina miaka yangu kwenye lori hili, wewe ndiyo kwanza unaanza.” Akaniomba nimpe spana. Nilirudi ofisini, nikaichovya kalamu, na mkono ukakataa kabisa kuelekea kwenye jina hilo. Nimeona afadhali kuhamisha kijiji.

Nisalimie Mama wa nyumbani na watoto, watumishi wote wa ofisi yako, na mlinzi wa getini ambaye juzi alinisaidia kuisukuma skuta kulia.

Ni mimi mtumishi wako katika kujenga Taifa, kwa sasa upande wa kushoto tu,

Osward Mbunda
Karani

N.B. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuinakili kwa usafi, na karatasi za ofisi zimebaki chache, kwa hiyo siwezi kuianza upya. Jioni hii paka wa Mama Hilaria amechoka kuitazama ile taa. Ameingiza kucha nyuma yake, shingoni mwa usukani, akavuta, na kimetoka kipande cha mkono wa kikapu chenye magamba ya usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Kilikuwa kimekazwa pale kana kwamba mtu alitundika kikapu kizito kwenye usukani, mkono ukakatika njiani. Chini yake waya wa swichi ya kuzimia umechubuka ganda, na kila usukani ulipopinda kulia waya ulikandamizwa ukagusa chuma, na moto ukaishia hapo. Nimeuzungushia kipande cha raba. Skuta sasa inakata kulia vizuri sana. Tafadhali kijiji kisihamishwe.

Kipande chenyewe kimesukwa kwa ukili wa zambarau na kijani. Kikapu cha rangi hizo nimewahi kuona kimoja tu, ukutani sebuleni kwako, nilipoleta posta, nacho kilikuwa kimebaki na mkono mmoja. Sijamwambia mtu. Paka ndiye anayejua, na yeye ameshiba.

Nafasi ya jina katika taarifa ya kesho bado iko wazi, nami nasubiri maelekezo yako. Naomba tu kukuhakikishia, kwa heshima zote, kwamba Ndugu Othmar bisibisi anayo, lakini kikapu hana.