Ndewe Zangu na Kiti cha Kata

Karatu, Jumatatu, 6 Agosti 1984

Kiti cha Katibu Kata ki wazi! Nakitaka. Kinachonizuia ni masikio. Sisi Wamasai hapa mjini ni wa kuhesabika, na ndewe zangu, zilizotobolewa na kuvutwa tangu utotoni, zinaning'inia karibu na mabega. Nikiingia kikaoni, wajumbe wanazitazama badala ya kunisikiliza. Leo tabibu kanishona zote mbili. Nililia. Ofisini nimesema nilianguka na baiskeli.

Alhamisi, 9 Agosti

Aibu. Mama alifika kutoka Ngorongoro na kibuyu cha maziwa, shanga tele shingoni, akaniulizia barazani kwa sauti. Mzee Wilibrodi, mkuu wangu wa kazi, akataka kujua ni nani. Nikasema ni mwananchi tu, amekuja kwa habari ya chanjo ya ng'ombe. Mama alisikia. Akapanga foleni dirishani kama wengine. Zamu yake ilipofika aliyatazama masikio yangu, akaweka kibuyu, akaondoka. Maziwa yako mezani. Siwezi kuyanywa.

Jumatano, 15 Agosti

Balaa! Halmashauri mpya inazinduliwa Jumamosi, na kila kabila lije na mavazi yake. Mzee Wilibrodi kasema atakayewaongoza Wamasai vizuri atapewa kazi ya Bwana Utamaduni. Nilijitolea kabla hajamaliza kusema. Hereni za shanga ninazo, alinitungia Mama. Pa kuzitundika sina. Nimenunua gundi.

Jumamosi, 18 Agosti

Gundi na jua havipatani. Niliongoza vizuri mpaka mbele ya jukwaa. Hereni ya kulia ikadondoka. Nikainama kuiokota, ya kushoto nayo ikafuata. Hata polisi walicheka. Mama alitoka kwenye mstari wa akina mama, akaziokota, akazifunga kwenye pindo la shuka lake. Mzee Wilibrodi akamwuliza kama mimi ni mwanawe.

"Huyo? Mwananchi tu," Mama alisema. "Amekuja kwa habari ya chanjo."

Sikujua pa kuuweka uso wangu.

Jumapili, 19 Agosti

Nimemkosea Mama. Naona aibu hata kuandika. Kesho naenda Ngorongoro kumwomba radhi, na atamwona mwanawe kama alivyomlea. Nimeshapita kwa tabibu anifumue mshono. Nimemwambia afumue sikio la kulia tu. Hilo ndilo nitakalomgeuzia Mama. Kiti cha kata bado hakijapata mtu.