Tunaomba Nyumba Ile Itangazwe Tena Kuwa Imeachwa

Iroquois, Louisville

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Benki ya Ardhi ya Kaunti,

Nilipocheka kwenye simu, Mheshimiwa, haikuwa dharau. Kabla simu haijakatika juzijuzi, dada wa ofisini kwako alikuwa ameniambia kwamba nyumba ya matofali mekundu, ile iliyo jirani na jengo letu la kupanga, imeondolewa kwenye orodha ya nyumba zilizoachwa kwa sababu mkaguzi alipita akaikuta inatunzwa vizuri. Wanaoitunza ni mimi na mume wangu Marcellin. Dada huyo alisema naweza kuandika kwa Kiswahili, mkalimani atatafsiri. Namwomba mkalimani asipunguze kitu, hasa pale ninapomsifu mume wangu.

Sisi ni maarusi wapya. Tangu siku ya harusi tunaishi sebuleni kwa shemeji yangu Précieux, nyuma ya pazia, pamoja na televisheni yake. Mume wangu akitaka kuninong'oneza neno tamu husubiri matangazo ya biashara. Nyumba ile ina baraza, na dirisha la jikoni linapata jua la asubuhi. Mwenyewe alifariki zamani, watoto wake hawajulikani walipo, na kodi ya kaunti hakuna anayeilipa. Jirani yetu mzee Dionizi alitueleza utaratibu: kaunti huenda mahakamani, jaji huufuta umiliki wa zamani, nyumba huingia Benki ya Ardhi ikiwa na hati safi, kisha ninyi humuuzia kwa bei nafuu mtu atakayeitengeneza na kuishi humo. Niliposikia hayo nilimshukuru Mungu kwa kuumba kaunti. Bon, malalamiko yangu ni haya.

1. Hamkutuonya kuhusu usafi. Kwetu Kivu, mtu anayetaka kiwanja huanza kwa kufyeka. Wakubwa wakipita wakakuta pamefyekwa, wanajua kuna mtu wa kweli anayepataka. Donc, tukafyeka. Marcellin alikuwa akirudi kutoka kazini, kwenye bohari ya vifurushi, anavua koti tu, anashika mashine ya kukata majani. Mheshimiwa, ungemwona anavyoisukuma huku akiimba nyimbo za kwaya, usingetafuta ushahidi mwingine wa nia yetu njema. Kumbe hapa Marekani kila jani tulilokata lilikuwa linatunyang'anya nyumba.

2. Mkaguzi wenu haoni uchafu. Majirani wanasema kwa miaka mingi nyumba ile ilikuwa ya paka, panya na vijana wa chupa, wakapiga simu mpaka wakachoka, na hakuna aliyekuja. Wiki niliyotundika mapazia niliyozawadiwa na mama wa kwaya, mkaguzi alifika na kamera. Alipiga picha mapazia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Kumbe dawa ya kumwita mkaguzi ilikuwa pazia, na majirani hawakuambiwa.

3. Mmempendelea marehemu. Juzi tulikuta kadi imebandikwa mlangoni, ikimshukuru mwenye nyumba kwa kuupendezesha mtaa. Akiwa hai, anasema mzee Dionizi, hakuwahi kuokota hata karatasi. Sasa amekufa, amekuwa raia mwema. Mimi ninayefagia bado naitwa mpita njia.

4. Mnawazawadia wasiopenda. Rafiki yangu Jemutai, Mkenya wa Columbus, na mume wake Mutua walipata nyumba yao karibu na Morse Road kupitia benki ya ardhi ya huko. Siri yao? Hawakuigusa. Kila Jumapili baada ya ibada walipita polepole na gari, wakaitazama ikioza, wakamwomba Mungu isiharakishe. Nilipomsimulia yetu, Jemutai alicheka mpaka akaweka simu chini. Aliporudi alisema: wewe Nzigire, umempikia mwanamume ambaye hata hajajitambulisha kwenu. Nimeumia, kwa sababu ni kweli. Lakini nauliza: ni sheria gani hii inayomtaka mtu athibitishe kwamba atatunza, kwa kukaa mbali asitunze?

5. Tumejaribu kurekebisha kosa letu, tumeshindwa. Niliteremsha mapazia. Marcellin alirudisha majani makavu uani, gunia kwa gunia, akayatawanya kwa mkono kama mtu anayelisha kuku. Tukaweka chupa. Zilikaa kwa mpangilio, Mheshimiwa. Hatuna mazoea ya kuacha kitu. Kwa hiyo naomba mtutumie wataalamu. Nasikia kila mji wa nchi hii una idara zenye ujuzi mkubwa wa kusahau mitaa ya watu kama sisi, taa zake na njia zake za miguu, na hufanya kazi hiyo vizuri bila kusimamiwa. Idara moja tu ikitusahau rasmi, kwa maandishi, nyumba itarudi kwenye orodha.

6. Kama wataalamu hawapatikani, basi tuachilie mbali nyumba, mtuchukue sisi. Mimi na Marcellin tuna sifa zote. Hatuna anwani yetu wenyewe. Tuliachwa na dunia katika kambi ya wakimbizi tukiwa watoto, tukakulia humo. Kila asubuhi mama zetu walifagia mbele ya hema mpaka ardhi ikang'aa, na wageni wenye kamera walipita, wakapiga picha, lakini hakuna hata mmoja aliyesema: hawa wanatunzwa, waondoeni kwenye orodha ya walioachwa. Usafi wetu haukuonekana popote duniani mpaka tulipofika uani kwa marehemu huyu. Tupelekeni mahakamani, jaji atufutie ya zamani, tutoke na hati safi, kisha mtukabidhi kwa nyumba inayotuhitaji. Mume wangu nitamtengeneza mwenyewe, ingawa hana kasoro.

Nikiamini kwamba hata mkurugenzi aliwahi kupenda, nasubiri uamuzi wako. Salamu kwa dada wa simu, kwa mkalimani na mwenzi wake kama anaye, na kwa mkaguzi, ambaye namsamehe.

Kwa heshima, na kwa furaha isiyoisha,

Nzigire, mke wa Marcellin

N.B. Naomba sana mkaguzi asije Jumamosi hii. Mama mkwe wangu, Mama Clémence, anakuja kwa basi kutoka Buffalo na mama wawili wa kanisa lake kumtazama bibi arusi. Akikuta majani marefu kwenye nyumba tunayoitaka, hatailaumu kaunti. Atasema mwanawe ameoa mvivu. Kwa hiyo jana tulikata majani tena, tukafagia, na Marcellin amepaka baraza rangi ya samawati. Haijawahi kupendeza hivi. Ameotesha na lengalenga, mchicha wa kwetu, uani, na anasema kuziacha zikauke ni dhambi. Jumatatu tutaiacha nyumba kabisa, tukiweza. Nilimsomea mama mkwe barua hii kwa simu, akasema hatarudi Buffalo kabla hajafika ofisini kwako. Basi tutakuja sote kabla ya mwezi huu kwisha, kwa sababu anataka kumwona kwa macho yake mtu atakayethubutu kusema nyumba ya mkwe wake imeachwa.