Sabuni ya Kuondoa Unyonyaji

Mujuni aliingia sinema mjini Bukoba Jumamosi moja mchana kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mkata tiketi alikuwa rafiki yake. Picha yenyewe hakuifuatilia. Kilichomfanya aache kutafuna karanga ni tangazo la sabuni lililotangulia.

Mwaka ulikuwa 1968. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na kila kitu kilichouzwa nchini kilikuwa kimeshika siasa. Bia ilijenga taifa. Betri zilimulika njia ya kujitegemea. Sabuni ya Nuru, ambayo mwaka juzi ilitangazwa na mama wa Kizungu akichekelea beseni, sasa ilitangazwa na mkulima, mke wake, na shati lenye doa jeusi kubwa kama sahani. Mke akasugua. Sauti nzito ikasema: "Nuru huondoa doa. Nuru huondoa uvivu. Nuru huondoa unyonyaji." Shati likatoka jeupe, mkulima akalivaa, akaenda kuchimba mtaro na wenzake bila kulichafua hata kidogo.

Ukumbi ukapiga makofi. Mujuni akageuka kuangalia ni akina nani wanaopiga kwa nguvu zaidi. Walikuwa wenye maduka na wenye malori. Mmoja, mnene, mwavuli mapajani, alipiga mpaka akasimama wima, kisha akaangalia kushoto na kulia kuhakikisha kwamba ameonekana.

"Yule nani?" Mujuni akamuuliza mkata tiketi.

"Ta Bartholomayo wa Nshamba. Ana duka, ana lori, ana nyumba tatu za kupangisha kule Nyanga. Sasa anataka udiwani."

"Mbona anatoka jasho?"

"Mwezi ujao wanachuja majina. Wanauliza nani mjamaa na nani mnyonyaji."

Mujuni akamalizia karanga zake taratibu. Mtu huyu, akawaza, hana haja ya kununua sabuni. Ana haja ya kuwa ndani ya tangazo lake.

Sasa tumjue Mujuni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, sauti ya mtangazaji wa redio, na viatu vya rangi mbili. Alikuwa ameshawauzia watu bima ya migomba isianguke kwa upepo, na amewahi kukodisha uwanja wa mpira ambao haukuwa wake kwa timu mbili siku moja. Alikuwa pia na kamera ya sinema ya kuzungusha kwa mkono, aliyoipata mnadani. Mashine ilikuwa nzima, ikilia krrr vizuri kabisa. Ilikosa filamu tu, na filamu ni ghali, na kwa kazi za Mujuni haikuwahi kuhitajika.

Jumatano iliyofuata aliazima Landrova ya mgongo wazi kutoka kwa shemeji yake, kwa ahadi ya gunia moja la kahawa. Akanunua katoni moja ya sabuni ya Nuru kwa fedha yake mwenyewe, jambo lililomuuma, akashika njia ya Muleba kwenda Nshamba.

Bartholomayo alimpokea sebuleni. Kibakuli cha kahawa za kutafuna kikaletwa, kama inavyompasa mgeni, na Mujuni akachukua punje mbili tu, kama inavyompasa mtu mkubwa.

"Kampuni inatafuta uso," alisema. "Wale wa tangazo la zamani ni waigizaji wa Dar es Salaam. Wananchi wamelalamika. Wanataka mjamaa wa kweli, mtu aliyefanikiwa lakini moyo wake uko kwa wanyonge."

"Na mmeniona mimi?"

"Nilikuona Jumamosi sinema. Ulisimama."

Bartholomayo akashika kifua. "Nilisimama kweli."

"Tangazo ni fupi. Una shati lenye doa. Linafuliwa kwa Nuru. Unalivaa. Halafu moyo nao unakuwa mweupe, unatoa kahawa yako kwa wananchi. Magunia manane hivi. Yanapakiwa kwenye gari la ujamaa, gari linaondoka, unapunga mkono. Sauti inasema: Nuru huondoa unyonyaji. Mwezi ujao linaonyeshwa kila ukumbi, na gari la sinema linalizungusha vijijini kote. Nani tena atalichuja jina lako?"

"Na gari likishaondoka, kahawa yangu?"

Mujuni akamtazama kwa huruma. "Ta Bartholomayo. Mtu akifa kwenye sinema, nyumbani kwake huwa wanachimba kaburi?"

Bartholomayo akacheka mpaka kibakuli kikatikisika. Hakuombwa hata senti ya gharama za kampuni kuja nyumbani kwake, na jambo hilo ndilo lililomwondolea shaka yote.

Ni lazima kusema kahawa ile ilitoka wapi. Kule kuna biashara inayoitwa butura. Mwenye shida anauza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya maua, na mwenye fedha anakuja kuvuna kahawa. Imekatazwa, inafanyika. Katika magunia manane ya Bartholomayo, mawili yalikuwa ya miti ya Kokuberwa, mama wa watoto watano, aliyeuza maua mwezi ambao mume wake alikuwa mgonjwa. Mume alikufa, kahawa ikaiva, Bartholomayo akavuna. Na sasa Anatolia, binti mkubwa, alikuwa amechaguliwa sekondari, akitakiwa kuripoti Januari na godoro, sanduku, blanketi mbili na viatu vyeusi. Kokuberwa alikuwa na blanketi moja.

Siku ya kupiga picha ya tangazo uwanja wa duka ulijaa tangu saa mbili asubuhi. Ildefons, balozi wa nyumba kumi, alikuja na daftari na kofia ya kijani. Mujuni alikuwa amesisitiza awepo, maana mjamaa anahitaji shahidi. Saa tatu akaanza kuzungusha kamera, krrr, na kutoa amri: "Ta Bartholomayo, sikitikia doa. Zaidi. Doa hilo ni la babu zako."

Bartholomayo akasikitika vizuri sana. Akachukua shati na kipande cha sabuni, akainama juu ya beseni.

"Simama hapo," ikasema sauti ya mwanamke.

Kokuberwa alikuwa amesogea mbele, mikono kiunoni. "Waitu, bwana wa picha. Huyu baba hajawahi kufua tangu abatizwe. Angalia anavyoshika sabuni, kama anashika chura. Nani atanunua?"

Watu wakacheka. Mujuni akaona kwamba kicheko kile ni hatari kuliko kazi ya nyongeza. "Mama ana hoja. Njoo ufue."

"Nifue peke yangu? Ujamaa gani huo?" Akawageukia wanawake. "Njooni na nguo zenu."

Katoni nzima ya Nuru ikaisha kabla ya saa tano. Nguo za kitongoji kizima zikaanikwa juu ya uzio wa Bartholomayo, na Mujuni akazungusha kamera huku akihesabu moyoni sabuni zilizokuwa zinayeyuka. Akajifariji. Magunia manane, mpaka Uganda ni saa chache tu, na wanunuzi wa ng'ambo hawaulizi kahawa imetoka kwa nani.

"Sasa kahawa," akasema. "Pakieni garini. Ta Bartholomayo, toa kwa furaha."

Vijana wakabeba. Magunia yakapangwa mgongoni mwa Landrova, moja hadi la nane. Mujuni akafunga ubao wa nyuma.

"Hapo mimi sielewi," akasema Kokuberwa.

"Mama, wewe umeshafua. Kazi yako imekwisha."

"Nauliza kama mtazamaji aliyekaa sinema. Mwanamume mnene ana kahawa. Gari la mgeni linakuja, linachukua kahawa, linakimbia. Wakulima wamesimama wanatazama vumbi. Balozi, wewe ungesema hiyo ni picha ya nini?"

Ildefons akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri waziwazi, midomo ikicheza. "Ningesema ni unyonyaji," akasema.

"Hata mimi."

"Ila sauti itaeleza," Mujuni akasema haraka. "Sauti inasema ni ujamaa. Kampuni imeandika hivyo."

"Kampuni inauza sabuni, ndugu," akasema Ildefons, na akafungua daftari. "Siasa ni yetu. Mama Anatolia, ungetaka iweje?"

"Magunia yashushwe. Ta Bartholomayo ayakabidhi kwa wakulima, mmoja mmoja, kwa jina. Nao wayapeleke ushirika, pale chini, wapime mbele ya kamera. Hapo mtu akitazama anaona. Hana haja ya sauti."

Mujuni akamkonyeza Bartholomayo akatae. Lakini Bartholomayo hakuwa tena wa kukonyezwa. Tangu saa tatu alikuwa amesikitika, amesamehewa, amevaa shati jeupe lililofuliwa na wanawake kumi na wawili, na watu walikuwa wanamtazama jinsi ambavyo hawakuwahi kumtazama dukani. Alikuwa amelewa bila kunywa rubisi.

"Kwa jina," akasema, sauti ikiwa imemlainika. "Ndiyo. Kwa jina ni bora. Sogeza kamera karibu."

Hakuhitaji kukumbushwa. Majina yote ya waliomuuzia maua alikuwa nayo kichwani, na sasa akayataja mbele ya balozi, kwa sauti ya kanisani, huku akinyoosha mikono. "Clavery, pokea jasho lako. Ma Felicitas, pokea. Ma Kokuberwa, mawili, pokea." Kila jina, makofi. Kwenye gunia la nane alilia kidogo, machozi halisi, na Mujuni naye nusura alie, ingawa kwa sababu tofauti.

Wakashuka na magunia yao, mengine kwenye baiskeli, mengine vichwani, wakiimba. Mujuni akawafuata mbio akizungusha mashine yake tupu, maana balozi alikuwa nyuma yake akimsukuma begani na kumwambia asikose hata hatua moja. Kule ushirika karani akapima, akaandika stakabadhi kwa majina yao. Kokuberwa akaikunja yake mara nne, akaiingiza mahali ambapo hakuna karani angeifuata.

Saa nane, waliporudi uwanjani, Bartholomayo, angali na shati jeupe, akapangusa uso na kusema, "Vizuri sana. Haya, sasa wayarudishe."

"Wayarudishe wapi?" akauliza Ildefons.

"Dukani. Si ilikuwa sinema?"

Ildefons akageuza ukurasa, akachukua kalamu. "Ta Bartholomayo, nisaidie nisije nikakosea. Mwezi ujao wataniuliza habari zako. Niandike kwamba ulirudisha kahawa ya butura kwa hiari, mbele ya umati? Au niandike kwamba ulikuwa unaigiza ujamaa?"

Mbuzi mmoja alitafuna shati kwenye uzio na hakuna aliyemfukuza.

"Andika la kwanza," akasema Bartholomayo. Kisha akamshika Mujuni kiwiko, na kumnong'oneza, "Angalau niambie nilitoka vizuri."

"Hatujawahi kupata uso kama wako," akasema Mujuni, na siku ile hilo tu ndilo lililokuwa kweli.

Akaondoka upesi kuelekea kwenye gari. Hakuwa na kahawa, hakuwa na sabuni, na shemeji alikuwa anangoja gunia. Akafungua mlango. Kokuberwa alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amepakata kamera ambayo Mujuni alikuwa ameitanguliza garini.

"Mama, teremka. Nina safari."

"Nilikuwa nafua nguo za padri mmoja Mjerumani, miaka sita," akasema Kokuberwa. "Alikuwa na kidude kama hiki. Kila baada ya dakika chache filamu iliisha, akajifunika blanketi jeusi abadilishe nyingine, akitukana Kijerumani. Wewe umezungusha tangu saa tatu mpaka saa nane hujabadilisha hata mara moja. Nikasema, ama huyu bwana ana filamu ndefu kama ziwa, ama hana."

Mujuni akapanda, akafunga mlango watu wasisikie. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa kama kukiri kwa maandishi.

"Kwa nini hukusema mbele ya watu?"

"Ningesema, magunia yangu mawili yangekuwa wapi?"

Alikuwa sahihi, na Mujuni aliona hivyo, akaumia zaidi.

"Sikiliza," akaendelea Kokuberwa. "Saa saba Kaijage wa Rubya amepita hapa na pikipiki. Amemwona mwenzake anapigwa picha. Amekasirika sana, kwa sababu naye anataka udiwani. Amemuuliza balozi kampuni itafika kwake lini. Dada yangu Kemilembe aliuza maua kwa Kaijage. Na majirani zake. Magunia kumi na mawili."

"Wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia kampuni inafika kesho asubuhi, na aandae sabuni mwenyewe, maana yetu imekwisha."

"Na mimi napata nini?"

"Kule ushirika uko mbali, na wanawake hawatabeba vichwani mlima ule. Utawabebea magunia kwa gari hili, nao watakulipa nauli kama dereva yeyote. Au nimwite balozi sasa hivi umwonyeshe filamu. Yuko pale, anafukuza mbuzi."

Mujuni akamtazama balozi. Akatazama barabara. Katika miaka yote ya kutafuta riziki hakuwahi kulipwa kwa kazi aliyoifanya kweli, na wazo hilo lilimtia kizunguzungu.

Akawasha gari.

"Polepole kwenye mashimo," akasema Kokuberwa, akiikumbatia kamera. "Na kesho uzungushe taratibu. Leo ulikuwa unakimbiza kama unakoboa mahindi. Kaijage si mjinga kama huyu."