Mchanga Usio na Ikama

"Inatangazwa kwa watu wote, raia na wageni, wenye madababu na wasio nayo, kwamba dhoruba iliyopiga kaskazini mwa Riyadh haikuwa na idhini ya Jumuiya."

Hivyo ndivyo tangazo lilivyoanza. Hezron alilitamka akiwa amesimama wima jikoni kwa bosi wake, mtaa wa Malaz, kana kwamba yuko barazani Lugari enzi zile alipokuwa naibu wa chifu, kabla ajenti wa Nairobi hajamgeuza dereva. Lilikuwa limetolewa kwa Kiarabu, lakini bosi wake, Abu Rakan, alikuwa amemweleza lote garini. Abu Rakan ndiye Mwenyekiti wa Jumuiya ya Njia za Madababu, na Hezron, mambo ya ofisi yakiingia sikioni mwake, hayatoki.

Dababu, kwa asiyelijua, ni pikipiki ya magurudumu manne ambayo vijana wa Riyadh huipandisha vilima vya mchanga msimu wa baridi, wakishindana nani atapinduka wa kwanza. Jumuiya ilikuwa imezichorea pikipiki hizo njia zake jangwani, ikazipa namba, vibao na vibendera. Halafu Desemba hiyo ukaja ukuta wa vumbi, ukafunga mchana ukawa kama usiku, na ulipokwisha kupita vibao vilikuwa vimelala na njia zote ziko chini ya mchanga.

"Chini ya mchanga," alisema Zipporah, mfanyakazi wa nyumba ile, huku akisugua sufuria. "Na zamani zilikuwa chini ya nini, Chifu?"

"Zamani palikuwa na mchanga mwenyeji," Hezron akaeleza kwa subira. "Huu wa sasa ni mchanga mgeni. Umeingia bila kibali. Kamati imetamka wazi, mchanga wowote ulioletwa na dhoruba hauna ikama, yaani kibali cha ukaazi, na utaondoshwa."

"Upelekwe wapi?"

"Nje ya njia."

"Jangwani?"

"Mama Stacy, hayo yanashughulikiwa na kamati ndogo."

Zipporah alicheka mpaka povu likamrukia usoni. Kisha kicheko kikamkatika. Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu Ramadhani. Binti yake Stacy, aliyemwacha Mumias akijifunza kutembea, alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari, na Zipporah alikuwa amemwapia kwa simu kwamba ni yeye, si shangazi wala jirani, atakayemshika mkono hadi lango la shule. Alipomwomba Abu Rakan ruhusa, aliambiwa baada ya Idi. Idi ikapita, ikawa baada ya Haji. Haji ikapita, ikawa baada ya harusi ya binamu. Na nchi ile huendi kwenu mpaka kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, akufungulie mlango wa kutokea. Sasa harusi imekwisha na binamu ana mimba, na jibu lilikuwa baada ya usafi wa njia.

"Yaani huo mchanga unafukuzwa bila hata kuomba," alisema, "na mimi naomba kufukuzwa mwaka mzima nakataliwa? Kwani unanizidi nini?"

"Fuata utaratibu, dada."

"Nimeufuata hadi nimeupita. Wewe ndiwe unakaa na bosi garini. Niongelee, Chifu. Neno moja tu."

Hezron aliahidi kulitafakari, kwa sababu kutafakari hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Kujitolea kulipangwa kwa haki kabisa. Kila mjumbe wa kamati alijitolea watu wake. Abu Rakan, kwa ukarimu wake, alimjitolea Zipporah, akamjitolea na Hezron. Jirani wa ghorofa ya juu, mjumbe pia, alimjitolea Priscilla, mfanyakazi wake wa nyumbani, na mtunza bustani. Siku iliyochaguliwa ni Ijumaa. Ilionekana kuwa siku nyingine wajitoleaji huwa kazini, na Ijumaa, baada ya uchunguzi, iligunduliwa kuwa watu hawa hupumzika tu. Hezron akateuliwa Mratibu wa Wajitoleaji, cheo kilichokuja na filimbi.

Suala la chakula nalo lilijadiliwa kwa kina. Abu Rakan alifafanua kwamba mjitoleaji akilishwa, kujitolea kwake kunabatilika, kunakuwa ajira. "Mafi chakula, hakuna," alisema kwa huzuni ya mtu anayeheshimu sheria. "Thawabu yake iko kwa Mungu." Hezron aliona hoja hiyo haina kasoro, akawatangazia watu kwa filimbi.

Ijumaa ya kwanza ilifana sana. Jangwa liligawanywa kwa pazia refu la kitambaa, huku wanaume, huku sehemu ya familia, yaani ya wanawake, kama ilivyo mikahawani. Watu walichota mchanga, wakaubeba kwa ndoo, wakaumwaga hatua chache kando, penye mchanga mwingine. Kamati ilikaa hemani na kahawa na tende, ikifuatilia kwa karibu. Adhuhuri upepo ukahamisha mchanga wa wanaume ukaupeleka sehemu ya familia, na ikabidi iundwe tume. Priscilla alizirai kwa njaa na jua. Kumbukumbu za kikao zilieleza kwamba amejitolea kupumzika. Jioni upepo ulirudisha vyote vilivyochotwa, na kamati ikapongezana kwa kuwa sasa kazi ya Ijumaa ijayo ilikuwa imepatikana.

Zipporah alirudi garini viganja vimechubuka. Aliviweka mapajani, ameviacha wazi hadi Malaz. Hezron alimtazama kwa kioo mara moja, halafu akaona afadhali atazame barabara.

Ndipo ikaja habari kubwa. Mlezi wa Jumuiya, Abu Talal, tajiri wa vigae kutoka Jedda, angekuja kujionea kujitolea kwa macho yake. Tena alikuwa anatafuta mtu wa kumpa cheo cha Mkuu wa Njia wa nchi nzima. Abu Rakan aliposikia, usingizi ulimwishia.

"Hezron," alisema garini, "Abu Talal anapenda sherehe. Anapenda mila za watu. Wewe ulikuwa serikalini. Fanya sherehe kama ya kwenu, kubwa, safi. Yalla."

"Kama ya kwetu kabisa, bosi?"

"Kabisa. Usipunguze kitu."

Sasa Hezron alijua sherehe moja tu duniani. Alikuwa ameisimamia kwa ajili ya madarasa, zahanati, kanisa na daraja lililosombwa kabla halijakwisha. Ni harambee. Na harambee ina sheria zake, ambazo naibu wa chifu hazivunji hata akiwa amelala: mgeni rasmi haondoki bila kutoa ahadi hadharani, na wakubwa wengine hawatoi pungufu ya mgeni, la sivyo watasemwa mpaka uchaguzi.

Ijumaa ya sherehe Abu Talal aliwasili na kundi la watu wa picha. Aliongozana na mkalimani wake, Jabir, mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma, ambaye wazazi wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne naye akakulia Jedda. Kiswahili chake kilikuwa hakijachuja.

"Bwana Mratibu," alimnong'oneza Hezron, "hebu nambie, huu mchanga mwautoa wapi mwaupeleka wapi?"

"Kutoka jangwani kwenda jangwani, mzee wangu."

"Ala! Basi mie n'tatafsiri tu. Uzee wangu huu siutaki kuutia doa."

Mambo yalikwenda kwa utaratibu. Ilisomwa dua. Wanawake waliimba kutoka nyuma ya pazia, na Abu Talal akapiga makofi kwa furaha. Abu Rakan alitoa hotuba, akasema watu hawa wamekuja kwa mapenzi yao, hakuna aliyewalazimisha, na kwamba katika nyumba yake yeye mfanyakazi ni kama mtoto. Jabir alitafsiri yote bila kope kupepesa. Nyuma ya pazia mtu alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa cha Zipporah.

Hezron akashika kipaza sauti. "Na sasa, kwa mujibu wa ratiba, mgeni rasmi atatoa ahadi yake!"

Jabir alitafsiri. Abu Talal akauliza kwa uchangamfu, ahadi ya nini, ya pesa?

Hapo ndipo Hezron alipokwama. Kwao ni pesa, ni mabati, ni saruji. Mdomo ulishafunguka aseme pesa za kununua ndoo. Lakini upepo uliinua ncha ya pazia akaviona vile viganja, vimefungwa vitambaa vya jikoni, vimeshika mpini wa koleo. Aliona haya.

"La, si pesa," alisema. "Bosi wangu ametufundisha kwamba mjitoleaji halipwi, thawabu yake itaharibika. Kwa hiyo mgeni rasmi huahidi kile ambacho mjitoleaji amekikosa."

"Wamekosa nini?" aliuliza Abu Talal.

"Aulizwe yeyote," akasema Hezron. "Kwa mfano huyo mwenye vitambaa mikononi."

Jabir alisogea kwenye pazia. Kisha sauti ya Zipporah ikatoka, ya kawaida kabisa, kama anayeeleza chumvi imeisha.

"Mimi mkataba wangu ulikwisha Ramadhani. Mtoto wangu anaanza shule Januari. Nimekosa ruhusa ya kwenda kwetu. Basi, ni hiyo tu."

Jabir hakupunguza neno. Tena aliongeza Ramadhani mara mbili, na Hezron, aliyekijua Kiarabu cha gereji na cha sokoni, alimsikia.

Abu Rakan aligeuka rangi ya mchanga mwenyeji. Lakini Abu Talal alikuwa mbele ya kamera, na mtu mkubwa mbele ya kamera huwa mwema kupita kiasi. Akasimama. Dereva wake kule Jedda, Nahashon, amekuwa akiomba likizo muda mrefu. Basi amempa! Na kwa kuwa siku hizi mlango wa kutokea hufunguliwa kwa simu, alitoa simu yake kanzuni, akabonyeza palepale, akaiinua juu watu waone.

"Kilo!" alipaza Hezron, maana kwenye harambee makofi hupimwa kwa kilo. "Mpeni mgeni rasmi makofi ya kilo tano!"

Makofi yalilia jangwani kama mvua juu ya mabati. Jirani wa ghorofa ya juu hakuweza kuvumilia. Akasimama, akatoa likizo ya Priscilla na ya mtunza bustani, wote wawili kwa pamoja. Kilo sita! Mjumbe mwingine akaona ataaibika, akarudisha pasipoti za watu wake, na kwa vile alikuwa nazo garini, zikagawiwa hapohapo. Mwingine akaruhusu watano, mmoja wao si wake, ni wa mama mkwe. Watu wa picha walikuwa wakikimbia huku na huku. Wanawake walipiga vigelegele, na pazia likaanguka bila mtu kuliuliza kibali.

Zamu ikamfikia Mwenyekiti.

Abu Rakan alisafisha koo. "Zipporah," alisema, "nampa mapumziko ya Ijumaa. Kila Ijumaa."

Hezron alikisogeza kipaza sauti mdomoni, kama ratiba inavyotaka. "Mwenyekiti wetu ametoa Ijumaa," akatangaza. "Makofi ya robo kilo."

Pa. Pa. Kofi moja lilichelewa likaanguka peke yake.

Abu Talal alimgeukia Abu Rakan akamtazama, kisha akamtazama yule jirani kwa upole wa mtu anayetafuta Mkuu wa Njia. Abu Rakan aliuona mtazamo huo ukihama. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

"Nampa ruhusa ya kwenda kwao!" alipiga kelele. "Moja kwa moja! Na tikiti!"

"Sasa hivi, bosi?" Hezron aliuliza kwenye kipaza sauti. "Kwetu ahadi ikilala hunyauka."

"Sasa hivi! Halas, imekwisha!" Akabonyeza. Jabir alisogeza miwani, akaisoma simu, akawaitikia watu kwa kichwa kwamba ni kweli. Zipporah alikaa chini mchangani, hapo alipokuwa, akalia bila kujificha, na wanawake wakamzunguka.

Zilikuwa kilo kumi, na Hezron hakuzitangaza. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye filimbi.

Abu Rakan alipata cheo. Jumuiya ilimteua Mkuu wa Njia za Madababu wa nchi nzima kwa sababu, barua ilieleza, hakuna aliyeuelewa moyo wa kujitolea kama yeye. Alitundika barua hiyo sebuleni. Mkewe aliitazama, akatazama sinki lililojaa vyombo, halafu akafunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo.

Januari dhoruba ilirudi, ikazifukia njia kuliko mara ya kwanza. Abu Talal akapiga simu kutoka Jedda: usafi ufanyike, Mkuu wa Njia auongoze kwa mkono wake, na watu wa picha watakuja jioni. Wajumbe walitafuta wajitoleaji. Waliopata ruhusa walikuwa wameshaondoka, na waliobaki, wake wa wajumbe waliwashikilia wakaapa kwamba safari hii asiguswe mtu. Ikabidi kamati ijitolee yenyewe, na ikaonekana kuwa wajumbe wote wana maumivu ya mgongo.

Kwa hiyo Ijumaa ile Hezron aliegesha gari jangwani, akateremsha kioo kidogo. Bosi wake alikuwa peke yake mchangani, kanzu ameifunga kiunoni, ndoo mkono huu, koleo mkono huu. Simu ya Hezron ikalia. Ilikuwa picha kutoka Mumias: msichana mwenye sare mpya inayomfika vifundoni, mbele ya lango la shule, ameshikwa mkono na mwanamke aliyevaa gauni la kanisani. Hezron aliitazama hadi akasahau aliko.

Alishtuliwa na kioo cha mlango kugongwa. Abu Rakan alikuwa amesimama nje, midomo imekauka, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Mratibu," alisema. "Chakula saa ngapi?"

Hezron akashuka, akasimama wima. "Mafi chakula, bosi," alijibu kwa huzuni ya mtu anayeheshimu sheria. "Thawabu yako iko kwa Mungu." Akapuliza filimbi.